UZI: CTCF ya binadamu: bendi ya 130, chumvi, ChIP isiyotoa kitu, na kusoma mwelekeo wa motifu

BafaBaridi
Wakuu, salamu. Naomba msaada juu ya CTCF, ile protini inayoshika DNA na kusaidia kupanga vitanzi vyake. Mfuatano unasema asidi amino 727, na hesabu inaleta kilodaltoni 83 hivi. Kwenye westani bloti (kutambua protini kwenye jeli kwa kingamwili) ya seli za HeLa, aina ya seli za saratani za maabara, bendi nzito inakaa 130, na chini yake kuna nyingine hafifu kwenye 80. Kingamwili ni poliklono ya sungura. Kuna hoja hapa maabara kwamba ya 80 ndiyo yenyewe na ya 130 ni uchafu. Ipi ni sahihi? Tukimaliza hapo tunaingia kwenye ChIP (kuvuta protini kwa kingamwili pamoja na DNA iliyoishika), kwa hiyo tunataka kujua mapema kama kingamwili hii inafaa.

Kidole11
Ya 130 ndiyo CTCF. Ya kutilia shaka ni hiyo ya 80, hata kama inalingana na hesabu.

Protini hii haitembei kwenye jeli ya SDS kwa kufuata uzito wake. Ina sehemu tatu: ncha ya N, katikati yenye vidole 11 vya zinki (mikunjo midogo inayoshika DNA), na ncha ya C. Ukitengeneza ile ya katikati peke yake, inatua karibu na uzito wake halisi. Zinazochelewa kwenye jeli ni ncha mbili, na zikiwepo zote bendi inabaki juu kwenye 130. Hili limejulikana tangu miaka ya 1990: cDNA kamili (nakala ya DNA ya mRNA) ukiitafsiri kwenye mrija, nje ya seli, bendi inatua palepale. Basi msianze kutafuta ni fosfati gani imeongeza zile kilodaltoni 47. Umbo ambalo kweli limebebeshwa mzigo ni lile la 180, lenye minyororo ya poli-ADP-ribosi, na hilo hutegemea aina ya seli na hali yake.

Bendi ya 80 mara nyingi ni kipande kilichokatwa na proteesi. Ncha za CTCF hazijajikunja vizuri, hivyo hukatwa haraka sampuli ikikaa nje ya barafu. Uwezekano wa pili ni kwamba kingamwili inagusa protini nyingine kabisa. Kutofautisha ni rahisi: chukua siRNA mbili (RNA fupi za kunyamazisha jeni) zinazolenga sehemu tofauti za mRNA, subiri saa 72, endesha jeli. Bendi zote mbili zikishuka, ya 80 ni kipande cha CTCF. Ya 130 ikishuka na ya 80 ikabaki vilevile, hiyo ya 80 haihusiani.

Msipoteze muda kutafuta seli zisizo na CTCF kabisa ili ziwe kidhibiti. Seli haziishi bila hiyo. Viinitete vya panya vilivyokosa nakala zote mbili hufa kabla ya kujipandikiza kwenye mfuko wa uzazi.

Mdau_16q
Niongeze upande wa jeni, maana watu huchanganya namba. Jeni ni CTCF, iko kromosomu 16, mkono mrefu, 16q22.1. Kwenye GRCh38 tafuteni karibu na megabesi 67.6. Namba ya UniProt ni P49711, ya Ensembl ni ENSG00000102974, na nakala ya mRNA ya kutumia kwenye ripoti na kwenye kubuni praima ni NM_006565. Kodoni ya kuanzia haiko kwenye eksoni ya kwanza, iko ya tatu. Anayebuni CRISPR (mkasi wa DNA) ya kukata mwanzo wa jeni na akalenga eksoni ya 1, anakata sehemu isiyotafsiriwa na protini inaendelea kutoka kama kawaida.

Kuna pia umbo fupi linalotokana na kuruka eksoni 3 na 4. Halina ncha ya N, halina vidole viwili vya kwanza na limepoteza sehemu ya kidole cha tatu. Kingamwili iliyotengenezwa dhidi ya ncha ya N haitaliona, ya ncha ya C italiona. Angalieni karatasi ya kingamwili yenu imelenga wapi kabla ya kujadili bendi za chini.

MamaKromatini
BafaBaridi, mmetoa protini kwa bafa gani? Nauliza kwa sababu CTCF hafifu kwenye jeli mara nyingi ni tatizo la utoaji, kingamwili haina kosa.

BafaBaridi
RIPA ya kawaida, NaCl milimola 150, dakika 20 kwenye barafu, kisha sentrifuji 14,000 g dakika 15. Tunapakia mikrogramu 30.

MamaKromatini
Hapo ndipo mnapoipoteza. Kwa chumvi ya 150 sehemu kubwa ya CTCF bado imeshika DNA. Mkizungusha, kromatini (DNA pamoja na protini zake) inashuka chini, nayo inashuka pamoja nayo. Mnachopakia ni mabaki. Mtu anayepima "CTCF imepungua baada ya dawa" kwa njia hii anaweza kuwa anapima tu ni kiasi gani kimeachia kromatini.

Kuna njia tatu, na mimi naipendelea ya pili.

Ya kwanza: toa viini vya seli kwanza kwa bafa ya chumvi ndogo, kisha viweke kwenye HEPES milimola 20 pH 7.9, NaCl milimola 420, MgCl2 milimola 1.5, gliseroli asilimia 25, pamoja na vizuizi vya proteesi vilivyowekwa wakati huohuo. Zungusha taratibu kwenye nyuzi 4 kwa dakika 30, halafu sentrifuji. Hii inafaa kama unataka protini iliyo hai kwa kazi ya kushika DNA baadaye.

Ya pili: RIPA isiyo na EDTA, ongeza MgCl2 milimola 2 na Benzonase (kimeng'enya kinachokata DNA) yuniti 250 kwa kila mililita, dakika 15 kwenye barafu, kisha dakika 5 kwenye joto la chumba. Utaona ule utelezi kama kamasi unatoweka na pipeti inavuta bila shida. Hapo kromatini imekatika na CTCF imetoka. EDTA ikiwemo, inanyakua magnesiamu na Benzonase inalala.

Ya tatu, kwa anayetaka jibu la ndiyo au hapana tu: chemsha seli moja kwa moja kwenye bafa ya Laemmli nyuzi 95 dakika 10, sonika kidogo kuvunja DNA, pakia. Ubaya wake ni kwamba kupima wingi wa protini kwa BCA kunasumbua, kwa kuwa DTT iliyomo inaharibu kipimo.

Jeli iwe ya asilimia 8. Uhamishaji wa maji, volti 100 kwa dakika 90, methanoli asilimia 10 badala ya 20, kwa sababu methanoli nyingi inazibana protini kubwa ndani ya jeli. Kidhibiti cha upakiaji kiwe cha kiini: lamini B1 au histoni H3. Aktini haikuambii chochote kama viini vimetolewa sawasawa.

BafaBaridi
Tumerudia kwa njia ya pili. Ya 130 imekuwa nzito mara kadhaa, na ya 80 imebaki kivuli tu. siRNA zote mbili zimeshusha ya 130. Shukrani sana. Sasa naomba mwongozo wa ChIP, na tafadhali mtuwekee vipimo.

Daftari_la_Maabara
CTCF ni mojawapo ya protini rahisi zaidi kwa ChIP, kwa hiyo ikikataa, kosa liko kwenye hatua na linatafutika. Naandika kwa seli milioni 10 kwenye mililita 10 za midia.

Kufunga. Formaldehidi ya mwisho iwe asilimia 1. Ukiwa na chupa ya asilimia 37 weka mikrolita 270. Ukiwa na ampuli ya asilimia 16 isiyo na methanoli weka mikrolita 625. Dakika 10 joto la chumba, ukitikisa taratibu. Zima kwa glisini ya mola 2.5, mikrolita 530, inayokupa takriban milimola 125, dakika 5. Osha mara mbili kwa PBS ya baridi. CTCF inagusa DNA yenyewe moja kwa moja, hivyo haihitaji kifungashi cha pili kama DSG. Ukizidisha muda wa formaldehidi mambo mawili yanaharibika pamoja: kingamwili haioni tena sehemu yake, na kromatini inakataa kukatika. Ukitumia formaldehidi ya zamani yenye mashapo meupe chini, hujui umeweka asilimia ngapi. Na msiifanye hatua hii kwenye bafa yenye Trisi, maana Trisi ina amini na inaila formaldehidi.

Kukata. Vunja seli, chukua viini, viweke kwenye bafa yenye SDS asilimia 1, kisha sonika. Muda hauwezi kuandikwa hapa kwa sababu kila mashine na kila aina ya seli ina wake. Kinachoandikika ni lengo: vipande vya besi 200 hadi 500. Chukua mikrolita 20, fungua vifungo kwa joto, safisha, endesha agarosi ya asilimia 1.5. Msiangalie kromatini ambayo haijafunguliwa vifungo, itawaonyesha ukubwa wa uongo. Povu likitokea wakati wa kusonika, simama. Nishati inaishia kwenye hewa na vipande havikatiki. Baada ya hapo sentrifuji, chukua maji ya juu.

Kuvuta. Punguza SDS hadi asilimia 0.1 kwa kuongeza bafa isiyo na SDS mara tisa ya ujazo. Hatua hii wengi huiruka, halafu wanashangaa kingamwili haishiki: kwa SDS ya asilimia 1 kingamwili yenyewe inaharibika. Weka pembeni asilimia 1 ya kromatini kama kianzio. Tumia mikrogramu 25 za kromatini na mikrogramu 2 hadi 5 za kingamwili, usiku kucha nyuzi 4. Mrija wa pili uwe na IgG ya sungura (kingamwili isiyolenga CTCF, kidhibiti hasi) kwa kiasi kilekile. Asubuhi ongeza mikrolita 25 za shanga za sumaku zenye protini A na G, saa 2.

Kuosha. Chumvi ndogo ya milimola 150, chumvi kubwa ya 500, LiCl ya 250, kisha TE mara mbili. Dakika 5 kila moja, na ubadilishe mrija kabla ya TE ya mwisho, kwa sababu DNA hunata kwenye kuta za plastiki na ndiyo inayopandisha IgG.

Kutoa. SDS asilimia 1 na NaHCO3 milimola 100, iliyotengenezwa siku hiyohiyo. Ongeza NaCl hadi milimola 200, nyuzi 65 usiku kucha, pamoja na ule mrija wa kianzio. RNesi A dakika 30 nyuzi 37, proteinesi K saa 1 hadi 2 nyuzi 45, kisha safisha kwa safuwima.

Praima ziwe za kipande cha besi 60 hadi 120, na motifu (mfuatano mfupi wa DNA ambao CTCF huutambua) ikae ndani ya kipande au pembeni yake kabisa. Ukiweka praima besi 600 kutoka kwenye motifu wakati vipande vyako ni vya 300, eneo lipo lakini hutaliona.

qPCR_Mchana
Kwenye hesabu: kianzio ni asilimia 1, yaani kimepunguzwa mara 100, kwa hiyo Ct yake (mzunguko wa PCR ambao ishara inaonekana) ipunguzeni 6.64 kabla ya kulinganisha. Mfano: kianzio 25.0 kinakuwa 18.36. ChIP ikiwa 23.5, tofauti ni 5.14, inatoka asilimia 2.8 ya kianzio. IgG ikiwa 30.0, inatoka asilimia 0.03. Hiyo ni mara 90 kati yao, ChIP nzuri kabisa.

Mimi sipendi mtu akileta "mara ngapi juu ya IgG" peke yake. IgG ikiwa kwenye Ct 36 namba inaruka kwa bahati tu. Leteni asilimia ya kianzio, pamoja na eneo ambalo halina CTCF, lililopimwa kwenye mrija uleule wa CTCF. Hilo ndilo linaloonyesha uchafu wa mrija wenyewe.

Daftari_la_Maabara
Naunga mkono. Eneo chanya la kawaida ni sehemu ya kudhibiti ya H19 na IGF2 kwenye 11p15.5, ambayo kwa binadamu ina maeneo saba ya CTCF. Ongezeni na lile la besi kama 2,000 juu ya mwanzo wa MYC, kwa sababu seli za saratani mara nyingi zimevuruga alama za mzazi pale H19, na hamtaki kidhibiti kimoja pekee.

BafaBaridi
Matokeo: juu ya MYC asilimia 3.1, H19 asilimia 1.4, eneo hasi 0.05. Tatizo ni eneo letu wenyewe. Tulitafuta motifu kwa programu ya FIMO, tukapata inayofanana karibu herufi kwa herufi na ile ya JASPAR (hifadhi ya motifu), MA0139.1. ChIP inaleta 0.06. Praima tumezikagua, zinakuza vizuri. Inawezekanaje motifu kamili isishikwe?

Kidole11
Motifu ni ruhusa tu, haithibitishi kwamba protini ipo pale. Ukipekua jenomu nzima kwa kiwango cha p chini ya 0.0001 unapata maeneo mengi kuliko yale ambayo seli yoyote inayashika. Ramani nzuri ya ChIP-seq kwa aina moja ya seli huwa na maeneo kama 40,000 hadi 80,000. Nendeni kwanza ENCODE (hifadhi ya wazi ya data za jenomu), fungueni CTCF ya HeLa, muone kama pale penu pana kilele. Kisha muone kama pana kilele kwenye seli nyingine. Pakiwa tupu kote, sahauni. Pakiwa na kilele kwenye baadhi ya seli, mtuhumiwa wa kwanza ni methili, ile alama ya kemikali inayobandikwa kwenye C ya DNA.

Kiini cha motifu kina CpG (C inayofuatwa na G), na CTCF ni nyeti kwa methili pale. Si kila CpG ina uzito sawa: muundo wa kristali umeonyesha kwamba methili kwenye nafasi moja ya kiini inazuia sana, na kwenye nyingine haizuii. Pimeni kwa bisalfaiti (kemikali inayobadilisha C zisizo na methili), DNA nanogramu 500, praima zisizogusa CpG yoyote, na someni kila CpG iliyo ndani ya motifu kivyake. Wastani wa kipande kizima cha besi 300 unaweza kusema asilimia 40 wakati ile CpG moja inayohusika iko asilimia 95. Hakikisheni C zisizo kwenye CpG zimebadilika zaidi ya asilimia 99, vinginevyo mtaita methili kitu ambacho ni kemia iliyokwama. Na bisalfaiti haitofautishi methili na hidroksimethili.

H19 yenyewe ndiyo mfano mkubwa. Aleli (nakala ya jeni) ya mama haina methili, CTCF inakaa, enhansa (vipande vya DNA vinavyowasha jeni) zinazuiwa kufika IGF2. Aleli ya baba ina methili, CTCF haikai, IGF2 inawaka. Maabara mbili zilichapisha hili mwaka 2000. Kwa hiyo kwenye seli ya kawaida mnavuta nusu tu ya nakala, na 1.4 yenu mkiilinganisha na 3.1 ya MYC haishangazi. Aleli ya mama ikipata methili pale, IGF2 inawaka pande zote mbili, nao huo ni mmoja wa mizizi ya ugonjwa wa Beckwith-Wiedemann. Aleli ya baba ikiipoteza, ni ugonjwa wa Silver-Russell.

Mfano wa saratani: glioma zenye mabadiliko ya IDH hujaza methili sehemu nyingi za jenomu, baadhi ya maeneo ya CTCF yanaachiwa, na mojawapo ni ukuta unaoilinda jeni ya PDGFRA. Enhansa ya jirani inavuka na kuiwasha jeni hiyo. Jeni ya PDGFRA yenyewe haijaguswa hata herufi moja.

Mdau_16q
Tahadhari moja: msikimbilie kuweka dawa ya kuondoa methili kisha mkahitimisha. Ukiondoa methili, ni sehemu tu ya maeneo yaliyofungwa yanayorudi kushikwa. Mengine yamefungwa na nukleosomu, yaani DNA iliyozungushwa kwenye histoni.

MamaKromatini
Na BafaBaridi, kama lengo lenu ni kueleza kitanzi kati ya promota na enhansa, hakikisheni mwelekeo wa motifu kabla ya jambo lingine lolote. Motifu ya CTCF haifanani ikisomwa kinyume, kwa hiyo ina mbele na nyuma. Chukueni mnyororo unaosomeka na AGGGGGC kutoka 5' kwenda 3'. Upande wa 3' ndiko inakoelekea ncha ya N ya protini. Vidole 3 hadi 7 vinashika kiini, na vidole 9 hadi 11 vinaelekea upande wa 5'.

Kohesini (protini yenye umbo la pete) huvuta DNA na kutengeneza kitanzi kinachokua, hadi ikutane na CTCF. Inasimama ikikutana na ncha ya N. Ikija kutoka upande wa pili mara nyingi inapita. Ndiyo sababu ramani za Hi-C (zinazoonyesha sehemu za DNA zinazogusana) za mwaka 2014 zilikuta zaidi ya asilimia 90 ya vitanzi vyenye motifu pande zote mbili, motifu hizo zinatazamana. Mwaka 2015 watu waligeuza motifu moja kwa CRISPR bila kubadilisha herufi zake, na kitanzi kikavunjika au kikahamia kwingine, ilhali CTCF bado ilikuwa imekaa pale.

Kiutendaji: kwenye matokeo ya FIMO kuna safu ya alama ya kujumlisha au kutoa. Nanga ya kushoto inatakiwa iwe ya kujumlisha, ya kulia ya kutoa. Mkipata kutoa kushoto na kujumlisha kulia, hizo zimepeana mgongo na haziwezi kuwa nanga za kitanzi kimoja cha kawaida, hata ChIP iwe kali namna gani.

qPCR_Mchana
Hapo pana jambo linalosahaulika. ChIP inapima kushika DNA tu. Kwenye ncha ya N kuna tairosini 226 na fenilalanini 228, ambazo ndizo zinazogusa kohesini kwenye sehemu ya SA2 na SCC1. Ukizibadilisha, CTCF inaendelea kukaa kwenye DNA lakini kohesini haishikiliwi inavyotakiwa. ChIP ya CTCF itasema kila kitu kiko sawa. Fanyeni ChIP ya RAD21 (jina jingine la SCC1) sambamba, na kwa hiyo DSG inaweza kusaidia.

Jeli_Wima
Samahani kuingilia, mimi niko kwenye EMSA (kipimo cha jeli kinachoonyesha protini ikishika DNA) ya CTCF na uchunguzi, yaani probu, kipande cha DNA cha kupimia, wa besi 60. Kwa dondoo la kiini napata uchafu mtupu, na kwa protini iliyosafishwa kutoka kwa bakteria sipati kitu. Bafa ina EDTA milimola 1, DTT 1, KCl 50.

Kidole11
Toa hiyo EDTA. Kila kidole kinashikwa umbo lake na ayoni moja ya zinki. Kumi vina sisteini mbili na histidini mbili, na cha 11 kina sisteini mbili, histidini moja na sisteini nyingine. EDTA ikinyakua zinki, kidole kinafunguka na hakuna cha kushika DNA. Weka ZnSO4 milimola 0.1, MgCl2 milimola 5, HEPES milimola 20, gliseroli asilimia 5, NP-40 asilimia 0.1. DTT iache kwenye 1, inalinda sisteini zisiungane. Ukiipandisha hadi 10 nayo inaanza kushindana na vidole kwa zinki. Bafa ya fosfati epuka, zinki inashuka kama mashapo. Weka zinki pia kwenye midia ya bakteria na kwenye kila bafa ya usafishaji, na ukitumia safuwima ya nikeli, usitoe protini kwa EDTA.

Kwa uchafu wa dondoo la kiini: poli dI-dC (DNA shindani ya kunasa protini zisizohusika) peke yake haitoshi, kwa sababu uchunguzi wako una G na C nyingi na unavutia protini nyingine zinazopenda GC, Sp1 ikiwemo. Ongeza poli dG-dC. Weka DNA shindani kabla ya uchunguzi, dakika 10. Thibitisha kwa oligo shindani mbili zisizo na rangi, kwa ziada ya mara 100: moja yenye motifu nzima na moja yenye motifu iliyovurugwa. Ya kwanza ifute bendi, ya pili isiifute.

Jeli iwe ya asilimia 5 isiyo na SDS, TBE ya 0.5, kwenye baridi. EDTA iliyomo kwenye TBE haiharibu sana protini ikishakuwa imekaa kwenye DNA, lakini usiicheleweshe jeli. Na ukitaka kuona methili ikifanya kazi, methilisha uchunguzi huohuo kwa kimeng'enya cha M.SssI na uuendeshe pembeni yake. Hakikisha kwanza umekamilika kwa kukata na HpaII, kama uchunguzi una CCGG. Ikikata, methili haijaenea.

Mwanga_wa_Jeni
Swali la upande wa tiba. Ripoti ya mfuatano ikileta badiliko kwenye CTCF, inasomwaje? Naona watu wanachanganya ya kuzaliwa nayo na ya uvimbe.

Mdau_16q
Tenganisha tangu mwanzo, sampuli ni ya damu au ya uvimbe.

Ya kuzaliwa nayo: mabadiliko kwenye nakala moja tu yanatosha kuleta ucheleweshaji wa ukuaji na wa akili, na mara nyingi kichwa kidogo. Ugonjwa huu uliripotiwa 2013. Mengi ni mapya kwa mtoto, hayapo kwa wazazi, kwa hiyo wapimeni wote watatu. Yanayokatisha protini mapema yanaeleweka kirahisi: nusu ya kiasi haitoshi. Yale ya kubadilisha asidi moja yanahitaji kuangaliwa yako kidole gani. c.1699C>T, yaani p.Arg567Trp (arginini ya 567 kuwa triptofani), iko kwenye kidole cha 11, na ilikuwemo kwenye ripoti ile ya kwanza.

Ya uvimbe: kwenye saratani ya ukuta wa mfuko wa uzazi angalieni arginini 377, kwenye kiungo kati ya kidole cha 4 na cha 5, na fremu inayovurugika kwenye threonini 204 katika uvimbe wenye mifuatano mifupi ya kujirudia isiyotulia (MSI). Pale 204 pana safu ya A zinazofuatana, na hapo ndipo pia mashine ya kusoma mfuatano na PCR huteleza. A moja iliyoongezeka au kupungua kwa asilimia chache ya nakala isiandikwe kwenye ripoti kabla ya kurudiwa kwa njia nyingine. Kwenye saratani ya matiti msitafute herufi tu, kwa sababu mkono wa 16q mara nyingi hupotea mzima, na kipimo cha herufi peke yake hakioni nakala iliyopotea.

Badiliko lililo kwenye kidole kinachoshika kiini cha motifu halivunji maeneo yote kwa usawa. Zile za kidole cha 3, kama p.Lys344Glu na p.His345Arg, zilipimwa kwenye EMSA na zikapoteza baadhi ya maeneo huku mengine yakishikwa bado. Kwa hiyo anayetaka kupima athari ya badiliko asitumie uchunguzi mmoja wa H19 na kufunga kesi. Tumieni angalau maeneo matatu yenye mfuatano unaotofautiana.

Jeli_Wima
Bendi imetokea baada ya kutoa EDTA na kuweka zinki. Oligo yenye motifu inaifuta, iliyovurugwa haiifuti. Swali la mwisho: kingamwili ya kuipandisha bendi juu nichague ya wapi?

Kidole11
Ya ncha ya N au ya ncha ya C, usichukue iliyotengenezwa dhidi ya vidole. Kuna hatari mbili za kuepuka hapo. Kingamwili ya vidole inaweza kuifukuza protini kwenye DNA, ukaona bendi imepotea badala ya kupanda. Na kuna ndugu yake CTCFL, wengine wanaiita BORIS, jeni yake iko 20q13.31, asidi amino 663. Kwa kawaida huonekana kwenye korodani na kwenye baadhi ya saratani. Vidole vyake 11 vinafanana sana na vya CTCF, ncha hazifanani. Dondoo lako likiwa la uvimbe, kingamwili ya vidole haitakuambia umemshika yupi kati yao. Weka mikrogramu 1 baada ya protini na uchunguzi kukaa pamoja dakika 20, acha dakika 15 nyingine, kisha pakia moja kwa moja bila rangi ya bromofenoli kwenye kisima cha sampuli. Rangi iwe kisima cha pembeni.